Kipanya kimegoma, lakini taa yake inawaka

Swali

Habari za kazi. Nina kipanya kisichotumia waya, cha aina ile yenye kidude kidogo cha kuchomeka kwenye laptopu. Nimekitumia karibu mwaka mzima bila shida. Wiki mbili zilizopita kilianza visa: nikiiacha laptopu kidogo nikarudi, kipanya hakisogei mpaka nichomoe kile kidude na kukichomeka tena. Halafu kishale kinaruka-ruka, hasa ninapohamisha faili kwenda kwenye diski ya nje niliyoanza kuitumia hivi karibuni. Jana kikagoma kabisa. Nimeweka betri nyingine, taa nyekundu kwa chini inawaka, na padi ya kugusa ya laptopu inafanya kazi kama kawaida. Laptopu inatumia Windows. Rafiki mmoja ananishauri ninunue kipanya kingine, mwingine anasema nipige Windows upya. Nimfuate yupi?

Jibu

Nzuri, ndugu yangu. Kwa leo usimfuate yeyote. Kupiga Windows upya kwa ajili ya kipanya ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama. Nimeshakutana na watu waliopoteza picha na kazi za miaka kwa njia hiyo, kwa kuwa hawakuhifadhi nakala, na kipanya kikaendelea kugoma vilevile. Kununua kingine nako ni mapema. Ukikichomeka kipya mahali palepale, kando ya diski ileile, huenda baada ya siku mbili ukaniandikia swali hilihili.

Umenisaidia sana kwa kutaja lini kinakwama, lini kinaruka na lini kimezima, maana kwa macho yangu huo si ugonjwa mmoja. Kukwama baada ya laptopu kupumzika kunaelekeza kwenye mpango wa kubana umeme. Kuruka wakati wa kuhamisha faili kunaelekeza kwenye mawimbi yanayoingiliana. Kugoma kabisa ndiko ambako bado hatujajua kunatoka wapi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kwanza niseme neno kuhusu ile taa nyekundu, kwa sababu imewapotosha wengi. Taa hiyo ni sehemu ya jicho la kipanya. Inamulika meza, na kamera ndogo sana iliyo ndani hupiga picha za uso wa meza zaidi ya elfu moja kila sekunde, kisha huzilinganisha ili kujua mkono wako umeelekea wapi. Taa ikiwaka, tunajua kwamba umeme umefika kwenye jicho, basi. Redio iliyo ndani ya kipanya, ile inayopeleka habari kwenye kidude, inaweza kuwa kimya huku taa ikiwaka vizuri. Na kinyume chake pia ni kweli: vipanya vingi vya siku hizi hutumia mwanga ambao jicho la binadamu halioni, kwa hiyo msomaji mwingine asione giza chini ya kipanya chake akadhani kimekufa.

Umesema umeweka betri nyingine. Ilitoka wapi? Kama ilitoka kwenye rimoti au ilikuwa imelala kwenye droo, hatuna uhakika nayo. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa lakini ikaishiwa nguvu pale redio inapotaka kurusha. Betri mpya ya alkali ina volti 1.5 au zaidi kidogo. Ya kuchaji ina volti 1.2, na vipanya vingi huikubali, ila kipimo cha chaji kwenye skrini kinaweza kuonyesha kwamba inakaribia kwisha hata ikiwa imejaa. Kama kipanya chako kinatumia betri mbili, weka mbili mpya za aina moja, usichanganye mpya na nzee. Halafu tazama springi na vibati ndani ya chumba cha betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri iliyotangulia ilivuja. Itoe betri, safisha kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa siki au maji ya ndimu, futa, acha pakauke kabisa, ndipo uweke betri. Unga huo unawasha ngozi, kwa hiyo usishike macho kabla ya kunawa mikono.

Betri ikishakuwa ya uhakika, chukua kipanya pamoja na kidude chake ukakijaribu kwenye kompyuta nyingine yoyote, hata ya kuazima kwa dakika mbili. Kati ya hatua zote nitakazozitaja, hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kikifanya kazi huko, kipanya ni kizima na kidude ni kizima, na shida iko kwenye laptopu yako. Kisipofanya kazi huko pia, acha kuihangaisha laptopu. Mtu anaweza kutumia jioni nzima kwenye mipangilio ya Windows ilhali jaribio hili lingemwambia tangu mwanzo kwamba Windows haina kosa. Ukipata na kipanya kingine cha kuchomeka kwenye laptopu yako, hata cha waya, ushahidi unakamilika.

Huna kompyuta nyingine karibu? Basi tega sikio. Chomoa kidude, hesabu hadi kumi, kichomeke moja kwa moja kwenye tundu jingine la laptopu, bila kupitia kigawanyo cha USB. Kwa kawaida Windows hutoa mlio mfupi kifaa kinapochomekwa, mradi sauti haijazimwa. Ukiusikia, laptopu imekitambua kidude. Kukiwa kimya kwenye matundu yote, ama kidude kimekufa, ama matundu ya USB yana shida, na flashi yoyote itakusaidia kujua ni lipi kati ya hayo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na linafafanua kwa nini Windows haikuonyi chochote. Laptopu yako haijawahi kukiona kipanya chako. Inachokiona ni kile kidude. Kidude kinajitambulisha kwa Windows kama kipanya, na Windows inaridhika. Kipanya chenyewe kikizimwa, kikiisha betri au kikisahaulika chumba cha pili, Windows itaendelea kuamini kwamba kipanya kipo na ni kizima, kwa sababu kidude bado kimechomekwa. Kwa hiyo ukikuta kwenye mipangilio imeandikwa kwamba kifaa kinafanya kazi vizuri, usihitimishe kwamba kipanya ni kizima. Maneno hayo yanahusu nusu moja tu ya safari.

Nusu ya pili ni hewani, na hapo ndipo diski yako mpya inapoingia.

Vipanya vya namna hii huzungumza na kidude chake kwa mawimbi ya gigahezi 2.4. Ni masafa yenye msongamano mkubwa: Bluetooth imo humo, sehemu ya Wi-Fi imo humo, na tanuri za maikrowevu hufanya kazi karibu na hapohapo. Lakini adui ambaye watu hawamshuku ni tundu la USB lililo jirani. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya kitaalamu ikionyesha kwamba USB 3.0, inapopitisha data kwa kasi yake ya gigabiti 5 kwa sekunde, hutoa kelele ya redio iliyosambaa kwenye masafa mapana, na kelele hiyo inaangukia pia kati ya gigahezi 2.4 na 2.5. Inatoka kwenye tundu, kwenye waya na kwenye diski yenyewe. Sasa fikiria kidude chako kimechomekwa sentimita mbili kutoka hapo. Kipanya kinanong'ona kutoka upande wa pili wa meza, na pembeni ya sikio la kidude kuna mtu anapiga kelele. Diski ikitulia, kelele hupungua na kishale hutembea. Ukianza kuhamisha faili, kelele inarudi na kishale kinaanza kuruka. Hivyo ndivyo ulivyoeleza wewe mwenyewe.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Itoe diski kwa utaratibu, yaani kwa kuiamuru Windows iiachie kwanza, usiichomoe tu ikiwa inaandika. Kisha jaribu kipanya. Kikiamka, umempata mhusika wa angalau dalili moja, na dawa haihitaji programu yoyote. Hamishia kidude upande wa pili wa laptopu, mbali na diski. Kama matundu yote yako upande mmoja, tafuta waya mfupi wa kurefushia USB, chomeka kidude kwenye ncha yake na ukilaze mezani karibu na kipanya. Najua waya huo unaonekana kama unarudi ulikotoka, kwa kuwa ulinunua kipanya kisicho na waya ili meza iwe safi. Hata hivyo sijaona tiba ya kuaminika zaidi ya tatizo hili. Umbali wa sentimita chache tu kutoka kwenye chanzo cha kelele unabadilisha kila kitu.

Kama laptopu yako ina tundu la USB 2.0, liachie kipanya. Kipanya hakina haja hata kidogo na kasi ya USB 3.0. Mara nyingi, ingawa si siku zote, tundu la USB 3.0 lina ulimi wa buluu ndani au herufi SS pembeni, na la USB 2.0 lina ulimi mweusi au mweupe. Na kama ruta yako ina Wi-Fi ya gigahezi 5, unganisha laptopu huko ili nayo iondoke kwenye msongamano.

Turudi kwenye kukwama baada ya mapumziko. Windows ina tabia ya kuyanyima umeme matundu ya USB yasiyotumika ili betri ya laptopu idumu. Ni jambo jema, ila baadhi ya vidude vikishalala haviamki vizuri, na ndiyo maana kuchomoa na kuchomeka upya kulikuwa kunakusaidia: ulikuwa unakiamsha kwa nguvu. Nitataja majina ya menyu kama yanavyoonekana kwenye Windows ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoitumia. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi X, chagua "Device Manager", nenda chini kabisa kwenye "Universal Serial Bus controllers", fungua kila kilichoandikwa "USB Root Hub", ingia ukurasa wa "Power Management" na uondoe alama ya tiki kwenye sentensi inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Kwenye laptopu nyingine ukurasa huo hauonekani kabisa, usihangaike kuutafuta. Upo mlango wa pili: kwenye "Control Panel" fungua "Power Options", kisha mipangilio ya kina ya mpango unaotumia, tafuta "USB selective suspend setting" uiweke "Disabled". Betri ya laptopu itatumika kwa kasi kidogo zaidi. Kama unafanya kazi mbali na umeme siku nzima, zima kipengele hiki kwa muda tu, uone kama ndicho kilichokuwa kinakukwaza, halafu uamue.

Sasa kule kugoma kabisa. Ikiwa kwenye kompyuta nyingine kipanya kimefanya kazi, na kwenye yako bado hakisogei hata diski ikiwa haipo, anza kwa kuiwasha laptopu upya. Najua utasema umeshaizima na kuiwasha mara kadhaa. Ndiyo, lakini nasisitiza uchague "Restart", usichague "Shut down". Katika Windows 10 na 11 kuna kipengele cha kuwasha haraka, na kikiwa kimewezeshwa, ukizima kompyuta, kiini cha mfumo pamoja na draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuzungumza na vifaa, huhifadhiwa kwenye diski na kurejeshwa vilevile unapowasha. Kosa lililokwama humo hulala nawe na kuamka nawe. "Restart" ndiyo inayoanza upya kwelikweli. Isiposaidia, zima laptopu, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja na uwashe. Hiyo huondoa chaji iliyobaki ndani, na matundu ya USB yaliyokuwa yamezubaa mara nyingine hufufuka.

Bado? Rudi "Device Manager", fungua "Mice and other pointing devices", bonyeza kipanya chako kwa kitufe cha kulia na uchague "Uninstall device", kisha kwenye menyu ya "Action" chagua "Scan for hardware changes". Windows itakitambua upya. Angalia tu usiifute padi ya kugusa kwa bahati mbaya, maana nayo inaweza kuwa kwenye orodha hiyohiyo. Ili kujua kipi ni kipi, chomoa kidude uone ni jina gani linatoweka. Ukijikuta huna kishale kabisa, usiogope: kitufe cha Windows, Tab, vishale vya kibodi na Enter vinatosha kukufikisha popote, na hata kuizima kompyuta kwa usalama.

Hapa nakuomba kitu kimoja kwa moyo wote. Usitafute "draiva ya kipanya" kwenye tovuti usizozijua, wala usipakue programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Kipanya cha kawaida hakihitaji draiva ya kupakua. Windows inayo tayari ndani yake. Programu ya mtengenezaji inahitajika kwa vitufe vya ziada, kwa kubadilisha mipangilio, au kwa kukiunganisha kipanya upya na kidude, na hiyo ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Nimesafisha laptopu nyingi ambazo mwanzoni zilikuwa na kipanya kibovu tu, na mwishoni zikawa na virusi pia.

Kuhusu kuunganisha upya, inategemea kipanya chako. Geuza uone kama chini kuna kitufe kidogo kilichoandikwa "Connect". Kikiwepo, chomeka kidude, kisha ndani ya sekunde chache kibonyeze na ukishikilie kidogo. Vipanya vya Logitech vinavyotumia kidude chenye alama ya Unifying, ile nyota ndogo ya rangi ya chungwa, au cha Logi Bolt, huunganishwa kwa programu ya kampuni hiyo, na kidude kimoja kinaweza kubeba vifaa hadi sita. Vipanya vingine vingi vya kawaida vimefungishwa ndoa na kidude chao kiwandani. Hivyo ukipoteza kidude, au ukachanganya vya vipanya viwili vinavyofanana, hakuna cha kubonyeza kitakachosaidia. Nalitaja hili kwa sababu nimeliona likitokea nyumbani na ofisini kwenye vipanya viwili vya aina moja: kila kimoja ni kizima, ila kila mmoja ameshika kidude cha mwenzake.

Wanaotumia kipanya cha Bluetooth, kisicho na kidude, mambo yao ni mafupi zaidi. Hakikisheni hali ya ndegeni haijawashwa kwa bahati mbaya kwenye kibodi, kiondoeni kipanya kwenye orodha ya vifaa vya Bluetooth, shikilieni kitufe cha kuunganisha mpaka taa ianze kumetameta kwa kasi, kisha mkiongeze upya. Kama kina kitufe cha kuchagua kompyuta ya kwanza, ya pili au ya tatu, angalieni kisiwe kimehamia namba nyingine. Kinaweza kuwa kinasogeza kishale kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili.

Meza sikuigusa kwa sababu kipanya chako kimegoma hata vitufe, nadhani. Kama vitufe vinabofya ila kishale ndicho kisichosogea, basi ni jicho: kioo kitupu huwachanganya vipanya vingi, na unywele mmoja ulionasa kwenye tundu la jicho unatosha kukiharibia mwendo. Pangusa kwa pamba kavu, weka karatasi chini, jaribu tena.

Na kama majaribio yameonyesha kwamba kipanya hakifanyi kazi kwenye kompyuta mbili tofauti, kikiwa na betri mpya ya uhakika, hapo rafiki yako wa kwanza atakuwa sahihi. Ila umesema kina karibu mwaka. Kabla ya kununua kingine, tafuta risiti na usome masharti ya dhamana leo, maana dhamana nyingi huanzia mwaka mmoja na huenda umebakiwa na siku chache. Usikifungue skrubu, kwa kuwa hilo linaweza kukunyima haki hiyo. Peleka na kidude pia, wasije wakapokea kipanya bila mwenzake.

Ukimaliza haya na bado umekwama, niandikie mambo matatu: kilifanyaje kwenye kompyuta nyingine, laptopu ilitoa mlio au haikutoa ulipochomeka kidude, na vitufe vinabofya au navyo vimekufa.